Nilibandika Pamba Bila Sindano

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tano, mama wa watoto wawili, mkazi wa Korogwe. Nauza chai na maandazi mbele ya nyumba yangu, na ukipita asubuhi utanisikia kabla hujaniona. Mimi ni domokaya! Marehemu mama yangu alikuwa akisema, huyu mtoto akifa, mdomo wake utazikwa kesho yake.

Naanza na hilo kwa makusudi. Maana mkasa huu ni wa siku chache ambazo mimi, domokaya wa Korogwe, nilinyamaza... Nilinyamaza, na mtoto wa watu akafa.

Sijawahi kuusimulia wote. Dada yangu anajua nusu. Leo nausema mzima, na atakayenitukana na anitukane, nina haki ya kutukanwa.

Nilikwenda Dubai nikiwa na miaka ishirini na sita, miaka ile ambayo ule mnara mrefu kuliko yote ulikuwa bado unapanda ghorofa juu ya ghorofa, na mji mzima ni vumbi na winchi. Mume wangu alikuwa ameshanikimbia na mwanamke mwingine, eti kaenda kutafuta maisha Mererani. Mama nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Nilimuuguza mimi mwenyewe, nikilala naye chumba kimoja mpaka alipokata roho. Wanangu nikawaacha kwa dada, nikapanda ndege.

Kifua kikuu... mlishike neno hilo, maana ndilo lililoniponza.

Ukifika kule, kabla hujapewa ukaazi, unapelekwa kupimwa. Wanakutoa damu, wanakupiga picha ya kifua. Ukikutwa na kitu kifuani, khalas, yamekwisha, unarudishwa kwenu. Mimi nilipita, alhamdulillahi, lakini hofu haikunitoka. Kila nikikohoa nilikuwa najiambia: yale ya mama hayo, yameanza!

Kazi nilipata mtaa wa Al Warqa, kwenye nyumba ya Waarabu wenye asili ya Unguja. Wazee wao walihama zamani, ila Kiswahili hawakukiacha. Madam wangu, Bi Zuwena, alizaliwa hukohuko Dubai, lakini akizungumza utadhani katoka Michenzani jana. Ndiyo maana alitaka yaya anayejua Kiswahili. Alitaka binti yake azungumzishwe kwa lugha ya bibi yake.

Binti mwenyewe aliitwa Shamsa. Alikuwa na miaka sita, na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, hakai bila kushikiliwa, hasemi hata neno. Miguu imekakamaa, shingo haina nguvu, na hata kumeza mate ilikuwa kazi kwake. Lakini macho! Macho ya Shamsa yalikuwa yanakufuata chumba kizima.

Siku ya kwanza Bi Zuwena alinikalisha jikoni akanieleza kila kitu: dawa, saa za kula, jinsi ya kumgeuza kitandani. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo yako masikioni mwangu.

"Mwanaidi, nnakwambia mapema tusije tukalaumiana. Mwanangu hana kifua cha kupigana na maradhi. Aliyekuwa kabla yako, Siti, msichana wa Indonesia, siku moja kaja kanambia ana mafua na kifua chambana. Sikumngoja. Magharibi haijaingia, nishamrudisha ofisini."

Ofisi ni wale mawakala wanaoleta wafanyakazi wa ndani. Ukirudishwa huko ni kama kitambaa kilichorudishwa dukani, na mara nyingi kinachofuata ni tiketi ya kwenu.

Chumbani kwangu, chini ya kitanda, nilikuta kandambili za Siti, za buluu, kisigino kimoja kimelika. Aliondoka kwa haraka kiasi hicho, hata viatu hakukumbuka! Nilizijaribu zikanitosha, nikawa nazivaa.

Sasa semeni wenyewe. Mtu ukipokelewa hivyo, unajifunza nini? Mimi nilijifunza kwamba kwenye nyumba ile, ukiumwa, usiseme.

Lakini Shamsa nilimpenda... Wallahi nilimpenda. Mwanzoni nilikuwa naongea naye kwa sababu siwezi kukaa kimya, ningeongea hata na ukuta. Nilimsimulia habari za Korogwe zote. Jirani yetu aliyegombania mkeka na mbuzi, mbuzi akashinda. Shangazi yangu aliyekwenda harusini na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu mwingine, akasema ndiyo fasheni. Baada ya wiki mbili hivi nikagundua kwamba mtoto anasikiliza! Alikuwa anaguna, "mmmm... mmmm," na nikikaribia pale mbuzi anapovuta mkeka, mguno unapanda juu mpaka unakuwa kicheko.

Vidole vyake havikuwa vikimtii, ila kwa jambo moja. Akifurahi sana, alikuwa ananyoosha mkono polepole, unatetemeka, unapotea njia, unarudi... mpaka anashika ndewe ya sikio langu. Akishaishika haachii. Nilikuwa napika uji na mtoto mkononi, sikio limeshikwa, nabaki nimeinama upande kama jogoo aliyetegwa.

Kila asubuhi na kila jioni nilikuwa namlaza ubavu juu ya mto, nakunja kiganja, nampigapiga mgongo taratibu. Alinifundisha dada mmoja wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija nyumbani. Alinieleza kwamba mtoto mwingine akipata makohozi anakohoa yanatoka, lakini Shamsa hana nguvu hiyo, yakikaa yanaoza mapafuni. Kwa hiyo mkono wangu ndio uliokuwa kikohozi chake.

Nilikaa naye miaka miwili. Hakuna mtu katika nyumba ile, hata mama yake mzazi, aliyezijua pumzi za mtoto yule kama mimi. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Nilikuwa napewa mapumziko Ijumaa moja kila wiki mbili. Nilikuwa nakwenda mtaa wa Satwa kwa rafiki yangu Wambui, Mkenya wa Nyeri, mfanya usafi kwenye duka kubwa. Walikuwa wanaishi watu wanane chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na pazia lake. Huko ndiko tulikuwa tunapika ugali, tunasukana, tunawasema mabosi wetu mpaka mbavu ziume.

Mwaka huo, baridi ilipokaribia, Bi Zuwena alitangaza kwamba daktari wa Shamsa anataka watu wote wa nyumba tuchomwe sindano ya kinga ya mafua. Ijumaa hiyo nikampelekea Wambui habari. Loh! Aliruka kitandani.

"Wee Mwanaidi, usijaribu! Hiyo ni njama. Wanakudunga, wanakutoa damu kidogo on the side, kisirisiri, wanaenda kuipima. Kuna dem wa Uganda tulikuwa naye hapa, ilikuwa vivyo hivyo. Wiki moja tu, visa imekanseliwa, yuko kwa ndege!"

Wote chumbani wakaitikia. Ndiyo, ndiyo, tulisikia. Mmoja akasema wanatafuta kifua kikuu hasa... Nilimwona mama yangu na kitambaa chake chenye damu.

Baadaye sana ndipo nilipojiuliza, ni nani kati yetu aliyemwona kwa macho yake huyo msichana wa Uganda? Hakuna! Hata jina lake hakuna aliyelijua. Lakini kwa uvumi wa mtu asiye na jina, mimi nikaamua.

Siku ya sindano tulikwenda kliniki wote, madam, Shamsa, dereva, mpishi na mimi. Daktari alimpima Shamsa akamkuta na homa kali, sikio lilikuwa linamsumbua siku zile. Akasema mtoto asichomwe leo, aletwe baada ya wiki mbili akishapona. Kisha akatugeukia sisi wafanyakazi, akazungumza polepole, madam akitafsiri. Alisema kwa mtoto mzima mafua ni wiki moja ya kupenga kamasi. Kwa mtoto kama huyu mafua yanaweza kuua. Mpaka atakapochanjwa, alisema, ninyi ndio ukuta wake.

Nilimsikia. Msije mkasema sikuelezwa. Nilielezwa kwa Kiswahili fasaha cha Kiunguja!

Madam akabaki na daktari, sisi tukaenda kungoja ukumbini, nje ya chumba cha sindano. Watu walikuwa wengi. Mpishi akaingia, akatoka na pamba mkononi. Dereva akaingia, akatoka na pamba. Mimi nikasema nabanwa na mkojo. Njiani kulikuwa na kitoroli, juu yake pamba na plasta... Nikapitisha mkono.

Chooni nikajibandika. Nikatoka nimeshika mkono, nauma mdomo kama mtu aliyechomwa kweli. Dereva akaniuliza, "Khalas?" Nikamjibu, "Khalas."

Mwigizaji mzuri, siyo? Madam alipoiona ile pamba alinipongeza, akaniuliza kama imeniuma. Nikasema kidogo tu, madam.

Na garini, wasomaji wenzangu... garini Shamsa alikuwa mapajani mwangu. Mkono wake ulitangatanga, ukatua juu ya ile pamba. Njia nzima, mpaka Al Warqa, alikuwa anaigusagusa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Satwa. Nilimkuta Wambui kalala nyuma ya pazia lake, anawaka moto, mwili unamuuma kila kiungo. Na wawili wengine walikuwa wanakohoa. Ningegeuza palepale! Lakini rafiki yako anaumwa ugenini, unamwachaje? Nikampikia uji wa tangawizi, nikamfuta jasho, nikakaa naye kutwa. Jioni nikarudi kazini, nikanawa, nikambeba mtoto.

Jumatatu nikaamka kichwa kizito, mifupa inauma, koo kama nimemeza mchanga. Nikajua.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningemwendea madam, nikamwambia madam naumwa, nisimguse mtoto. Maneno manne! Mimi ninayeweza kusema maneno elfu kabla ya chai! Niliinuka kitandani nikasema liwalo na liwe, nakwenda kusema... nikaingiza miguu kwenye kandambili. Zile za buluu. Nikakaa tena kitandani.

Nikameza panadol mbili. Baada ya saa chache mbili nyingine. Nikawa natafuna karafuu ili nisikohoe, shela nimeivutia mdomoni. Madam akaniuliza mbona sauti yako imekauka? Nikasema ni vumbi, madam, wanajenga hapo jirani. Na kweli walikuwa wanajenga. Akaagiza madirisha yafungwe yote, vumbi lisimfikie Shamsa. Akaniamini, maskini.

Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, nilimlisha nimegeuza uso pembeni. Lakini utampigaje mtoto mgongo kwa mbali? Utambebaje bila kumpumulia?

Alhamisi asubuhi, madam akiwa ameshakwenda kazini, nilimwamkia Shamsa kama kawaida. Hakuguna. Nikaanza habari ya mbuzi na mkeka. Nikafika pale mbuzi anapovuta... kimya. Macho yalikuwa yananitazama tu. Uji aliuacha ukamtoka pembeni mwa mdomo. Nikamfunua nguo, nikaona mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

Nilijua! Palepale, saa tatu asubuhi, nilijua kabisa kwamba mtoto huyu anatakiwa hospitali.

Simu ilikuwa ukutani jikoni, na pembeni yake namba ya madam imeandikwa kwa tarakimu kubwa. Nikainua simu. Nikasikia mlio wake. Nikairudisha.

Kwa nini? Kwa sababu nilijua swali la kwanza litakuwa, nani anaumwa humu ndani? Watanipima. Watajua sikuchomwa. Na damu ikishatolewa, watayaona yale ya mama. Basi nikajidanganya. Nikasema madam atarudi saa tisa, atamwona mwenyewe, atampeleka mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema kitu.

Saa tatu mpaka saa tisa. Saa sita nzima! Nilimpa dawa ya homa, nikampigapiga mgongo mpaka kiganja kikafa ganzi, nikawa namsomea dua na kulia. Nilifanya kila kitu, isipokuwa kile kimoja kilichotakiwa.

Bi Zuwena aliingia na mfuko wa machungwa. Alipomtupia jicho mwanawe, mfuko ukamponyoka, machungwa yakatawanyika sebule nzima. Alipiga ukelele mmoja tu. Dereva akaja mbio, tukaondoka.

Hospitali walimwekea mashine ya hewa. Daktari akauliza haraka haraka alikula nini, amepaliwa? Je, kuna mtu yeyote nyumbani mwenye mafua? Madam akasema hakuna, wote walichanjwa, hata msichana wangu huyu. Akanigeukia.

"Sivyo, Mwanaidi?"

Wasomaji wenzangu, hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Mtoto alikuwa hai bado. Alikuwa palepale mbele yangu, kidole chake kimefungwa kile kidude cha taa nyekundu.

Nikasema, "Ndivyo, madam."

Basi wakamtibu kama mtoto aliyepaliwa chakula. Wakampa dawa za kuua bakteria. Kesho yake jioni ndipo vipimo vilipotoka, ni kirusi cha mafua! Daktari akasema kuna dawa yake, ila inasaidia zaidi ikiwahi. Wakaanza kumpa. Homa ilikuwa imeshamletea degedege, na mapafu yalikuwa yamejaa, na mtoto hana nguvu ya kukohoa...

Siku ya nne, adhana ya adhuhuri ikiwa inasikika kwa mbali, Shamsa akafariki dunia.

Inna lillahi... Nisameheni, hapa huwa nasimama kwanza.

Msibani nilitaka ardhi inimeze. Wanawake walijaa nyumba, na kila aliyeingia Bi Zuwena alimwambia, huyu Mwanaidi ndiye mama yake wa pili, hakuna aliyempenda mwanangu kama huyu. Wakanikumbatia. Bibi yake Shamsa, mtu mzima, alinibusu mikono. Mikono hii! Hata kumwosha maiti niliitwa na mimi nishiriki, kwa heshima. Nilimwagia maji kwenye vile vidole. Vilikuwa vimenyooka, havitetemeki tena.

Baada ya khitma, madam alinipa hereni ndogo za dhahabu. Alisema ni kwa ajili ya yale masikio aliyokuwa akiyapenda mwanawe. Nilizivaa kwa sababu alinivalisha mwenyewe. Ziliniuma kuliko sindano yoyote duniani.

Na mimi? Mafua yangu yalipona kwa wiki moja. Wiki chache baadaye, wakati wa kuhuisha ukaazi, nilipimwa damu na kifua. Safi kabisa! Sikuwa na kitu. Sijawahi kuwa na kitu. Nilicheka barabarani peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia mpaka dereva akaogopa.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli. Ila mimi kilio changu kilipigwa kwa mtoto wa mwenzangu.

Arobaini ilipopita, Bi Zuwena aliniita chumbani kwa Shamsa tukunje nguo zake za kutoa sadaka. Tukawa tunakunja. Akaokota kigauni cha manjano, akakinusa, akaniambia, "Mwanaidi, nnajiuliza kila siku. Kirusi kile kiliingilia wapi? Nyumba nzima ilichanjwa."

Siwezi kuwaeleza kilichonipata. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote... pamba, Satwa, panadol, karafuu, vumbi la uongo, simu niliyoirudisha, jibu nililompa daktari. Sikuacha hata moja. Nikavua zile hereni nikaziweka juu ya kigauni.

Hakupiga kelele. Ningependa angenipiga! Alikaa kitandani kwa mwanawe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa nini hukunambia? Ungenambia tu, Mwanaidi. Kwa nini hukunambia?"

Sikutaka kusema nilichosema. Wallahi sikukusudia kumwumiza. Lakini ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

"Madam... Siti alikwambia."

Alijiziba mdomo kwa kile kigauni. Tulikaa hivyo, yeye kitandani na mimi chini, kila mtu analia lake, mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta.

Mwisho akaniuliza kama najua Siti alipelekwa wapi. Nikasema sijui, madam, mimi nilikuta kandambili tu. Akaomba nimletee. Nilizifuta vumbi nikampa, akazishika mapajani, kile kisigino kilicholika kikiwa juu.

Siku tatu baadaye alinikatia tiketi. Hakunishtaki, na angeweza. Hakunisamehe pia, na sikumwomba. Asubuhi ya safari hakutoka chumbani. Mpishi ndiye aliyenipa zile hereni zimefungwa kwenye karatasi, akasema madam kasema ni za Shamsa, si zake, hawezi kuzipokea. Ninazo mpaka leo. Sizivai.

Ndugu zangu, sijui kama Shamsa angepona ningesema mapema. Daktari mwenyewe alisema watoto kama wale virusi huwachukua kwa ghafla. Ninachojua ni kwamba alinyimwa zile saa, na mimi ndiye niliyezishika mkononi.

Ninawaomba ninyi mnaolea watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye kifafa, wenye viungo visivyo na nguvu, msiyadharau mafua. Mkiambiwa ni mafua tu, waulizeni "tu" ya nani? Nendeni hospitali mkaulize kuhusu chanjo, ya mtoto na yenu ninyi mnaomshika. Mtoto akiacha kuguna, akiacha kula, mbavu zikaingia ndani, msingoje mwenye nyumba arudi.

Na ninyi wenzangu mlio kwenye nyumba za watu, Uarabuni au hapahapa kwetu, msiamini habari ya mtu asiye na jina. Ulizeni wanaojua. Kurudishwa kwenu ni aibu ya mwezi mmoja. Mimi ningerudishwa siku ile, ningekuja hapahapa Korogwe kukaanga maandazi haya haya. Shamsa angekuwa msichana mkubwa sasa.

Mabosi nao nawaambia, bila kuwaogopa maana siko tena jikoni kwenu, mkimfukuza anayewaambia ukweli, anayemfuata hatawaambia.

Jirani yangu hapa, mama Hamisi, ana mtoto wa miaka saba, hali yake kama ya Shamsa. Kila asubuhi anapita naye mgongoni, ananunua maandazi manne, mtoto ananitolea macho. Nami nampa habari ya mbuzi na mkeka.

Lakini siku nikiamka na mafua, meza siitoi. Nafungua dirisha nusu, namngoja mama Hamisi achomoze kona, napiga kelele mpaka mtaa mzima unasikia: "Usisogee! Rudi na mtoto! Leo naumwa mimi! Naumwaaa!"

Watu wanacheka. Wanasema Mwanaidi kachanganyikiwa, mtu gani anautangaza ugonjwa wake kama mnada? Waache wacheke. Mimi napiga kelele hivyohivyo, mpaka nimwone mama Hamisi amegeuza na mwanawe mgongoni, wanarudi kwao.